Bega la Mzee Yotamu

Mzee Yotamu Mwasomola alikuwa na desturi ya kupiga kengele ya baiskeli mara tatu kila alipofika kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumba yake, pale Iyunga. Hakuwa akifukuza kuku. Alikuwa akimpa nafasi Paskalina, mke wa mwanawe, ajifiche. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, mkaza mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hasemi naye, na wakikutana njiani yeye huacha njia, hushuka majanini, huchutama na kumpa mgongo, kisha hujifunika kanga kichwani mpaka mzee apite. Si chuki hata kidogo. Ni heshima, na heshima hiyo nayo ni kazi, maana mtu aliyechoka hulazimika kukumbuka kengele hata kama njaa inamkata tumbo.

Sasa, mwaka huo wa 1956, masika yalipokwisha, kengele ile ilihama. Ilikuwa upande wa kulia wa usukani, ikahamia kushoto. Mzee aliwaambia watu kuwa upande wa kulia umeingia kutu, na watu wakaridhika, kwani nani ana muda wa kuchunguza kengele ya mwenzake? Mtu mmoja tu hakuridhika, na huyo ndiye ambaye hakuruhusiwa kumtazama.

Yotamu alikuwa askari wa mifugo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amevaa kaki ya serikali, akisimamia majosho, akiwashika ng'ombe wa kuchanjwa, akipanda na kushuka kati ya Mbeya na mbuga za Usangu. Kichaa cha mbwa kilipoingia nchi ile, alipewa kazi ya kuwaua mbwa wagonjwa. Alipewa na bastola, kwa sababu risasi ya bunduki kubwa ikimkosa mbwa kijijini huenda ikamtafuta mtu nyumba ya tatu. Bastola ilikuja na ala yake, mfuko wa ngozi ngumu wenye kifuniko na kifungo cha shaba. Ala hiyo ilikaa juu kabisa kwenye nyonga ya kulia, na mshipi wake ulishikiliwa na ukanda mwembamba uliopita juu ya bega la kulia. Ilipendeza sana. Siku ya kwanza alizunguka nyumba mara mbili ili mkewe Tupokigwe amwone vizuri.

Bega lilikuja kuharibiwa na dume moja la huko Usangu. Lilikataa kuingia joshoni, likageuka ghafla, na kamba ilikuwa imemzunguka Yotamu mkononi. Alisikia kitu kikilia ndani ya bega. Aliinuka, akajipangusa matope, akacheka pamoja na waliomcheka, akaendelea na kazi. Bega lenyewe halikucheka. Lilivimba, likanywea, kisha likabaki limeshuka kidogo kuliko jingine, na kila alipotaka kurudisha kiwiko nyuma maumivu yalimchoma mpaka shingoni.

Nikiulizwa, nitasema mzee alikosa kwa kunyamaza. Lakini mimi sikuwa na miaka hamsini na sita, wala sikuwa mtu pekee mwenye bastola ya mbwa kutoka Mbeya mpaka Rujewa. Yeye alijiuliza: nikisema siwezi, nani atakwenda? Akajibu mwenyewe kwamba hakuna. Kulikuwa na aibu pia ndani yake, tusimpake mafuta.

Basi ikaja siku ya Rujewa. Mbwa wa manjano, udenda ukimtoka, aliingia uwanja wa kuanikia mpunga alimokuwa mjane mmoja aitwaye Evarista. Yotamu alikuwa hatua kumi na tano tu. Alifungua kifungo cha shaba, akashika mpini, akavuta. Ili bastola itoke kwenye ile ala ya juu nyongani, kiwiko lazima kirudi nyuma na kupanda. Kiwiko kilifika nusu ya safari, mkono ukafa ganzi. Alipofaulu kuitoa kwa mkono wa kushoto na kumpiga mbwa, Evarista alikwisha kuumwa kwenye shavu la mguu.

Mama yule hakufa. Alipelekwa hospitali, akachomwa sindano kumi na nne tumboni, moja kila siku, na Yotamu alikwenda kumwona siku nne kati ya hizo, na mara zote nne Evarista alimshukuru kwa kumwokoa. Shukrani ile ilimtafuna kuliko matusi. Katika ripoti yake aliandika: bastola ilikwama. Bwana Mifugo, Mzungu aliyekuwa mkubwa wake, akaichukua bastola, akaikagua, akaitia mafuta, akamrudishia na kusema sasa haitakwama tena. Yotamu akapiga saluti. Saluti nayo ilimuuma.

Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja tu, akilala nalo na kuamka nalo: mbwa mwingine akija, mkono utafika?

Alianza kutafuta ala isiyoumiza, kimyakimya, kama mtu anayetafuta mke wa pili. Kwanza aliukata ule ukanda wa begani. Bega likapata nafuu, lakini mshipi ukaelemewa, suruali ikashuka, na bastola ikabaki palepale pa juu inapotaka kiwiko kirudi nyuma. Kisha akaazima kwa rafiki yake wa polisi, Sajini Edmund, ala ya kuvaa kwapani. Edmund aliisifu sana. Ilikuwa na mikanda miwili iliyopita mabegani kama ya mkoba wa shule, na bastola ililala chini ya kwapa la kushoto. Asubuhi ilikuwa raha. Kufika saa saba, baada ya kupanda mlima mmoja kwa baiskeli, mkanda wa kulia ulikuwa umelala juu ya mfupa ule mbovu kama makaa ya moto, na mkono ulipovuka kifua kwenda kwapani ulipanda juu mno, ukagoma.

Akajaribu mfuko wa koti. Hapo bastola ilimgonga paja kila alipokanyaga pedali, na alipoivuta ilitoka na bitana yote ya mfuko, kama mbuzi aliyetoka na kamba yake. Alifanya majaribio hayo ndani ya banda la mbuzi, bastola ikiwa tupu, mlango umefungwa. Mbuzi walimwona. Wengine hakuna.

Hivyo ndivyo alivyodhani.

Paskalina alikuwa Mhehe wa Iringa. Baba yake, Liberatus Kalinga, alikuwa fundi wa ngozi mjini Iringa, mtu wa kushona viatu, matandiko ya punda, na ala za askari wa wanyamapori waliokwenda porini upande wa Idodi. Binti alikulia miguuni pa baba, kati ya vipande vya ngozi, na msharasi wa kutobolea aliujua kabla ya kujua kusoma. Anania, mwana wa Yotamu, dereva wa lori, alikwenda pale kushonewa kiatu akarudi na mchumba. Kwao Paskalina mkwe huheshimiwa sana, lakini husalimiwa. Unapiga magoti, unasema kamwene, mambo yanakwisha. Hapa Iyunga alikuta mkwe ni mtu wa kusikika tu: kengele, kikohozi, baiskeli ikiegemezwa ukutani. Mwanzoni aliona ni mzigo. Baadaye akazoea, akawa anamjua baba mkwe wake kwa masikio vizuri kuliko wengi waliomjua kwa macho.

Jioni moja, akichambua mboga na Tupokigwe, alisema, "Mama, baba anaumwa bega la kulia."

"Nani amekwambia?"

"Kengele. Zamani ilikuwa inalia ngri, ngri, ngri, haraka haraka. Sasa anaipiga na kidole gumba cha kushoto, hakijazoea. Na mashati yake, mama, nayaona kwenye kamba. Yote yanachanika pale pale kwapani kulia. Anauvuta mkono kuingiza, hauingii wenyewe."

Tupokigwe aliacha mboga. Alikuwa mke wa mtu huyo kwa miaka thelathini, na aliona haya kwamba mtoto asiyemtazama ndiye aliyeona. Usiku huohuo alimkalia mumewe kooni, na Yotamu, baada ya kuisingizia kutu mara mbili, alisema yote, pamoja na habari ya Evarista. Alipomaliza macho yalikuwa yamemjaa maji. Tupokigwe hakumlaumu. Alimkanda bega kwa mafuta ya nyonyo, polepole, mpaka akasinzia.

Wanawake wakapanga yao. Paskalina angemwandikia baba yake Iringa, naye angeshona ala nyepesi, yenye ukanda mmoja mpana wa kupita bega zima la kushoto na kuning'inia chini ya nyonga ya kulia, mkono uikute bila kupanda. Shida ikawa vipimo. Mkaza mwana hawezi kumzungushia mkwe wake kamba kifuani. Basi Paskalina akasubiri Jumamosi, koti la Jumapili la mzee lilipotundikwa uani lipigwe jua, akalipima lile koti kwa uzi, fundo kwa fundo, akafunga uzi ule ndani ya barua.

Baada ya wiki tatu basi lilileta kifurushi. Wallahi ile ilikuwa kazi. Ngozi laini, rangi ya asali, mshono mdogo mdogo wa uzi wa nta, kila tundu limekaa sawa na mwenzake. Yotamu aliivaa kwa furaha. Ilimkaa vibaya kuliko zote. Ukanda uliteleza kutoka begani, na bastola ilining'inia chini karibu na goti, ikipigapiga kama kengele ya ng'ombe. Alitembea nayo hatua kumi, akaivua, akaikunja vizuri, akamrudishia mkewe.

"Mwambie mtoto ahsante," alisema. "Mwambie baba yake ni fundi kweli. Ubovu ni wangu."

Paskalina aliposikia akajishika kichwa.

"Mama, nimepima koti. Koti lile lilishonwa lini?"

"Mwaka aliobatizwa Anania."

"Basi nimempima mtu wa zamani. Wa sasa bega lake limeshuka, sijui kiasi gani, sijui mkono unaishia wapi. Bila kumwona anavyoinua, hata baba yangu hawezi kushona."

Jambo hilo lilikuwa zito. Tupokigwe alilibeba siku mbili kabla ya kulifikisha kwa mumewe, na mumewe alilikalia siku tatu. Kumwonyesha mkaza mwana kiungo kibovu, kilichodhoofika, ambacho hata Bwana Mifugo hajaonyeshwa. Aliwaza afadhali airudishe bastola. Halafu akamkumbuka Evarista akimshukuru, na siku ya nne akamwambia mkewe, "Nitakaa uani. Nitampa mgongo. Heshima haisemi asinitazame mgongoni."

Wazee wengine wangebisha. Mimi naona alisema vizuri.

Kwa hiyo, Jumamosi asubuhi, Yotamu alikaa juu ya kigoda katikati ya uwanja, amevaa fulana, ameelekea mlima. Nyuma yake, mlangoni pa jiko, alisimama Paskalina na kanga yake kichwani. Katikati alisimama Tupokigwe, kazi yake kuchukua maneno hatua sita na kuyarudisha.

"Mama, mwombe baba ainue mkono mpaka unapouma."

"Baba Anania, inua mkono mpaka unapouma."

Yotamu alikuwa amesikia vizuri mara ya kwanza, lakini alingoja aambiwe, kama ilivyo adabu. Akainua. Mkono ulifika usawa wa mbavu ukasimama, ukitetemeka. Miezi yote alikuwa akiuficha mahali pale, na sasa palikuwa wazi juani. Kisha akasikia mkaza mwana wake akipenga kamasi, na akajua kwamba analia.

"Mwombe arudishe kiwiko nyuma."

Hakikurudi.

"Mwombe aushushe tu, alegee. Sasa apeleke mkono tumboni, kama anashika kitovu."

Mkono ulikwenda tumboni bila shida yoyote, kama kwamba haukuwa na ugonjwa.

"Mama, muulize, mbwa huwa amesimama wapi?"

Tupokigwe aliona ni swali la ajabu, lakini akaliuliza. Yotamu akajibu kwamba mbwa husimama chini, angesimama wapi.

"Basi bastola haina haja ya kupanda," alisema Paskalina, na sasa sauti yake ilikuwa ya fundi, imesahau haya. "Wanaume wanashona ala kama kila adui ana urefu wa mtu. Mama, wewe ukiwa na mtoto mgongoni na kikapu kichwani, kitu unachokitaka upesi unakifunga wapi? Si hapa mbele, kwenye fundo la kanga? Bega halihusiki. Mzigo unabebwa na nyonga."

Siku hiyohiyo aliifumua ile kazi nzuri ya baba yake. Tupokigwe aliona uchungu, ngozi ile ikikatwa, lakini Paskalina hakusita. Ule ukanda wa begani akaukunja mara mbili ukawa mshipi mpana wa kukaa nyongani. Ala akaifupisha, akaishona mbele, kushoto kidogo kwa kitovu, mpini ukitazama kulia. Akailaza mshazari ili mtutu usimchome paja akiendesha baiskeli. Kifuniko akakitupa, badala yake akaweka kitanzi chembamba ambacho kidole gumba kingekiondoa kwa mguso. Mara tatu Tupokigwe alipeleka ala kwa mzee na kuirudisha jikoni na maelezo. Mara ya nne haikurudi.

Yotamu alienda nayo bandani. Mkono ulipita tumboni, kidole kikaondoa kitanzi, bastola ikatoka na kusimama usawa wa kiuno, mkono wa kushoto ukiusaidia wa kulia kwenye kiganja. Akafanya hivyo mara hamsini. Mbuzi wakachoka kutazama.

Wiki ya pili ya Agosti habari zilikuja kwamba mbwa mwenye kichaa ameonekana Iyunga yenyewe, karibu na barabara kuu. Amewang'ata ndama wawili na kutokomea mashambani. Yotamu alimtafuta kutwa nzima, shamba kwa shamba, akiwaambia watu wafunge milango na wasitembee peke yao. Jua lilipoanza kuinama alikuwa hajamwona. Alirudi akisukuma baiskeli, miguu mizito, akili yote iko kwa mbwa, na alipofika kwenye kona ya mwisho kidole gumba cha kushoto kikafanya peke yake kilichokizoea. Ngri. Ngri. Ngri.

Kabla mlio haujaisha alijua amekosea. Paskalina alikuwa njiani, hatua ishirini mbele, anatoka mtoni na ndoo. Alikuwa na ndama mgonjwa wa wiki mbili nyumbani wa kunyweshwa, na hakuona mtu wa kumtuma. Aliposikia kengele alitua ndoo, akashuka majanini, akachutama, akampa mkwe wake mgongo, akajifunika kanga kichwani. Na kutoka kwenye mahindi makavu, upande uleule alioelekea, alitoka mbwa mweusi, akipepesuka, taya limelegea, udenda ukianguka.

Paskalina hakumwona. Alikuwa amefunikwa na heshima yake.

Kumwita asimame kungemwinua mbele ya mbwa. Yotamu aliiachia baiskeli, ikaanguka. Mkono ukaenda tumboni. Hakuufikiria. Kitanzi kikatoka, bastola ikatoka, viganja viwili vikakutana usawa wa kiuno, na risasi ikapita kando ya kanga ile na kumlaza mbwa hatua tatu kutoka magotini pa Paskalina. Alipiga ya pili ili kuwa na uhakika. Kisha akabaki amesimama, asijue la kufanya, kwani Tupokigwe hakuwapo wa kuchukua maneno.

Paskalina alifunua kanga kidogo, akamwona mbwa. Hakupiga kelele wala hakugeuka. Akiwa bado amechutama, mgongo kwa mkwe wake, aliyaambia majani:

"Baba, mkono umeuma?"

Ilikuwa mara ya kwanza kusema naye katika miaka miwili tangu aolewe pale. Yotamu alitazama kushoto na kulia, kama kwamba swali limeulizwa kwa mtu mwingine. Tangu usiku ule wa mafuta mke wake alimwuliza hivyo mara nyingi, Edmund alimwuliza, na wote aliwajibu hapana.

"Umeuma, mwanangu," alisema. "Lakini umefika."

Akaiokota baiskeli. Kesho yake angemwandikia Bwana Mifugo kwamba kule Rujewa bastola haikukwama, na angeandika kilichokwama. Sasa alipita pembeni mwa njia akiusukuma usukani kwa mkono mmoja, huku akipiga kengele bila kuacha mpaka mlangoni kwake, ili yule aliyebaki nyuma ajue yuko wapi na ainuke bila hofu.